Safari ya Nizwa: saa imebadilika

Assalaam alaykum ndugu zangu,

Ijumaa hii tunaondoka stendi ya Ruwi, Muscat, saa 11:30 alfajiri, mara baada ya sala, si saa 2 tena. Mnada wa mbuzi Nizwa ni wa asubuhi: wanazungushwa kwenye duara huku wanunuzi wakiita bei. Tukichelewa tutakuta wameshauzwa.

Baadaye kahawa na halwa sokoni, ya zafarani na iliki, kisha tunapanda kijijini Misfat al Abriyeen. Njia ni za mawe, vaeni viatu imara.

1. Mchango: reyali 12 kila mtu, mwisho Jumatano usiku.
2. Wenye magari, semeni mna nafasi ngapi.

Tafadhali andikeni "NAKUJA" na idadi yenu leo kabla ya Isha. Shuwa, nyama ya Kiomani ya kuokwa chini ya ardhi, hulazwa shimoni tangu siku iliyotangulia, lazima niagize mapema.