Redio ya vali: anza na sauti, si na vali kubwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaambie neno wanaochora redio za vali (zile chupa za kioo za kabla ya transista) za kutuma na kupokea kwa AM, yaani sauti ikibadili ukubwa wa wimbi. Michoro mingi huanzia mkiani. Mtu kapata 6146 au 807, vali kubwa za kutuma, basi anaipa volti 600 na kuota wati hamsini. Sauti huachwa mwisho, na hapo ndipo kazi inapokwama, kwa sababu kumodulisha anodi (kupandikiza sauti kwenye volti ya bamba chanya la vali) kunadai wati za sauti zilizo nusu ya wati zinazoingia kwenye vali ya mwisho. Ukiingiza 60 utatafuta 30 za sauti safi, pamoja na transfoma ya kuzibeba, na hiyo usitarajie kuikuta Kariakoo.

Ipindue hesabu. Vali mbili za sauti za 6V6, moja ikisukuma na nyingine ikivuta, hutoa wati 14 kwenye volti 285, mzigo ukiwa omu 8,000 kutoka anodi hadi anodi. Kwa hiyo ilishe 6146 wati 24 tu: volti 300, miliampea 80. Hewani zitatoka wati kama 16 za wimbi mbebaji (wimbi la redio kabla ya kutiwa sauti), na kwenye kilele cha sauti mara nne yake. Si haba.

Mzigo ambao moduleta, yaani hizo 6V6 mbili, itauona ni 300 gawanya kwa 0.08, yaani omu 3,750. Transfoma ya kawaida ya umeme, 230 upande mmoja na 170-0-170 upande wa pili, inakaribia sana: uwiano wa 340 kwa 230 ukizidishwa kwa wenyewe ni 2.2, na 8,000 gawanya kwa 2.2 ni kama 3,650. Ncha za 170 ziende kwenye anodi za 6V6, katikati kwenye volti 300. Ila mkondo wa 6146 usipite kabisa kwenye waya wa 230. Chuma cha transfoma hizi hakina mwanya; miliampea 80 za upande mmoja zitakishibisha sumaku na sauti itakonda. Ilishe 6146 kupitia choki (koili ya chuma inayopitisha mkondo wa upande mmoja na kuizuia sauti) ya henri 10 inayobeba miliampea 120. Ncha moja ya 230 iende kwenye chasisi, nyingine ipite kapasita ya plastiki ya mikrofaradi 4, volti 630, hadi ncha ya choki inayoelekea 6146.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba 6V6 hizohizo ndizo zitakazoendesha spika wakati wa kupokea. Rilei (swichi inayovutwa na umeme) iuhamishe waya wa 230 kutoka kwenye kapasita uende kwenye transfoma ndogo ya 230 kwa 12, yenye spika ya omu 8 upande wa 12. 6V6 hazitahisi tofauti kubwa. Kati ya miguso miwili ya rilei kuna lahaza ambayo transfoma haina mzigo, na sauti ikiwa juu itaruka cheche ndani; funga rezista ya omu 22,000, wati 5, moja kwa moja kwenye ncha za 230.

Skrini ya 6146, yaani gridi yake ya pili, nayo lazima ipande na kushuka na sauti. Ilishe kutoka upande uliomodulishwa kwa omu 18,000, wati 5. Kapasita ya skrini iwe mikrofaradi 0.001, volti 1,000. Wengi huweka 0.1 kwa mazoea ya redio za kupokea, nayo huinywa sauti kabla haijafika kwenye skrini. Kisha wanalaumu maikrofoni. Gridi ya kwanza, inayopokea msukumo wa masafa, ipewe volti hasi 50 za kudumu, tena ipitie omu 10,000: kwa mkondo wa miliampea 2 jumla inakuwa hasi 70. Anayetegemea rezista peke yake ajue kwamba kristali inayozaa masafa ikigoma, kinga yote inatoweka na anodi inawiva nyekundu.

Kristali iko kwenye simu za mezani za vitufe: megahezi 3.579545. Iweke kwenye gridi ya 6CL6, vali ya oskileta (inayozaa masafa), koili ya anodi uitegee mara mbili yake, upate kilohezi 7,159, ndani ya 7,000 hadi 7,200 tulizogawiwa sisi waendesha redio wa ridhaa upande huu wa dunia (ukiwa na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, au ya Communications Authority kwa walio Kenya). Kristali hizi ndogo hupasuka zikibebeshwa mkondo wa vali, hivyo oskileta iishie volti 150 kwa 0A2 (vali ya gesi inayoshikilia volti), na isilishwe kamwe kutoka laini iliyomodulishwa, la sivyo masafa yatacheza na sauti.

Koili ya kutokea, kati ya anodi ya 6146 na antena: zamu 16 za waya wa milimita 1.2 kwenye bomba la kipenyo cha milimita 25, urefu 30. Upande wa anodi pikofaradi 145, upande wa antena 760, ambazo kapasita pacha ya redio kuukuu ikiunganishwa pamoja na nyongeza kidogo huzifikia. Ya anodi isiwe ya redio. Nafasi kati ya mabamba yake ni finyu na vilele vya sauti vitairusha cheche. Kipokezi ni cha kawaida, vali za 6BE6, 6BA6 na 12AX7, kwa masafa ya ndani ya kilohezi 455.

Umeme ndio huua watu na kapasita. Transfoma ya 350-0-350, daiodi mbili za 1N4007 mfululizo kila upande, kisha choki kwanza, ndipo kapasita: utapata kama 300. Lakini unapowasha, vali bado baridi, hakuna anayekula mkondo, na volti hupanda kuelekea 495. Kapasita ya 450 haitastahimili. Funga mbili za mikrofaradi 100, volti 350, mfululizo, kila moja na omu 100,000 yake, na rezista ya kumwaga chaji ya omu 10,000, wati 25. Hita (nyuzi za kupasha vali moto) zinahitaji ampea 4 kwa volti 6.3, nunua ya 5.

Badala ya antena, jaribu kwanza kwenye rezista 20 za omu 1,000, wati 2, zikiwa sambamba: hizo ni omu 50. Ongea huku ukitazama mita ya anodi. Sindano inatakiwa itulie. Ikishuka kila unapotamka, msukumo wa gridi ni mdogo au umeiunganisha antena kwa nguvu kupita kiasi. Ikipanda, punguza sauti.

Fundi wa vali,
Tanga