Bakari, usiache kwanza

Ndugu yangu Bakari,

Assalaam alaykum. Huku tu wazima, ila baridi imetushika masikio. Nimekaa kimya tangu Ramadhani na udhuru sina, nisamehe tu tuendelee.

Kilichonishikisha kalamu ni maneno uliyomwambia Mama Zuhura, eti unaacha ushereheshaji kwa sababu kila harusi wanakudai kile kichekesho cha mjomba na paja la kuku. Subiri kwanza.

Hapa kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi, kila Ijumaa tunawapigia nyimbo za zamani. Upo mmoja wa polisi mnene mcheshi: anamkamata mtu, kosa lenyewe halijui, kisha anacheka mpaka taya linamshinda. Charles Penrose aliurekodi 1922. Mashairi si chochote, na kibwagizo ni kucheka tu. Lakini kikifika hapo, hata mzee ambaye hajatoa neno tangu asubuhi mabega yanamtikisika. Mimi, ambaye nusu ya Kiingereza chao kinanipita, nilicheka nikamwaga chai.

Nikautafutia habari zake. Kumbe kicheko kile na tuni yake Penrose alivikuta. Vilikuwa vya George W. Johnson, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Virginia enzi za utumwa. Alikuwa akipiga mluzi vivukoni New York apate senti, hadi mnamo 1890 watu wa mashine za sauti wakamchukua. Sasa sikia: wakati ule kunakili kwa wingi hakukuwepo. Sauti ilichorwa kwenye nta, mashine chache kwa mkupuo, kisha zinawekwa nta mpya na yeye anaanza tena. Wimbo uleule, kicheko kilekile, hata mara 50 kwa siku! Tena maneno yenyewe yanamsimanga yeye, weusi wake na ukubwa wa mdomo wake, naye ndiye wa kucheka.

Ijumaa iliyopita niliapa sitacheka. Nikacheka. Nikajikasirikia, nikacheka tena. Penrose alitoa masimango akaweka polisi, sawa, lakini kinachowatikisa wazee hawa si polisi. Ni kile kicheko cha yule bwana wa vivukoni, na hapa hakuna anayemjua hata jina...

Kwa hiyo ukisema umechoka, nitakuamini. Mara 50 kwa siku ningechoka hata mimi. Ila ukisema paja la kuku ni upuuzi, hapo tutagombana.

Hivi wanakulipa kwa harusi au kwa saa? Umewahi ukiwa katikati ya kicheko cha kazi, ukashikwa na cha kweli? Kibao bado anapiga kinanda, au mkewe keshamweka dukani? Na Jumamosi hii harusi ya nani? Nirekodie hicho kichekesho kwenye simu unitumie. Wazee Kiswahili hawakijui, lakini nataka niwajaribu.

Ndugu yako,
Saidi