Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: tupeni miti ya malisho kabla ya masika

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kilimo na mifugo Zanzibar,

Assalaam alaykum.

Nakuandikia kutoka Micheweni, Pemba, upande wa maweni. Huku kaskazi ikishika, majani hukauka yakabaki mabua. Majani makavu kiasi hicho aghalabu huwa na protini isiyofika asilimia 7, na ikipungua hapo vijidudu vya tumboni vinavyomsagia ng'ombe chakula hudhoofika. Basi ng'ombe tumbo limejaa na mbavu zinahesabika, maziwa yanakatika, ndama anadumaa. Mwenye uwezo hununua pumba zinazovushwa bahari. Asiye nao huuza ng'ombe kwa bei ya kutupa, na hilo linaniuma sana.

Mheshimiwa, miti ya kutuokoa ipo. Majani ya mlusina yana protini ya asilimia 20 na zaidi, na mti wenyewe unapenda ardhi ya chokaa. Haya mawe yetu, ambayo mkarafuu hauyataki, mlusina unayakubali. Gilirisidia nayo huota kwa kuchomeka matawi tu mvua zinapoanza, ikawa ua wa shamba na malisho kwa pamoja. Siri yake ni kuikata. Ukiiacha, hupukutisha majani wakati wa kiangazi, pale pale tunapoyahitaji. Ukiikata mvua zinapomalizika, huchipua na kubaki mbichi. Ng'ombe asiyeizoea huikataa kwa harufu, lakini majani yakinyauka kidogo huanza kula.

Hapa ndipo tunapomhitaji bwana mifugo, kwa sababu miche peke yake haitoshi. Mlusina una sumu iitwayo mimosini. Usizidi kiasi cha theluthi ya chakula cha ng'ombe, na punda wa gari asipewe, maana hunyonyoka nywele za shingo na mkia. Tena ukiachwa ukakomaza mbegu, huvamia mashamba ya watu, kwa hiyo ukatwe mapema. Mambo haya mfugaji ayajue kabla hajapanda.

Unguja iliondokana na mbung'o, nzi wanaoambukiza ng'ombe maradhi, mwaka 1997, baada ya madume ya nzi hao yaliyofanywa tasa kumwagwa kwa ndege miaka kadhaa. Kazi ile ilitaka maabara na marubani. Ninachoomba mimi kinataka vitalu, panga na mafunzo.

Ombi langu ni kwamba vitalu vya Serikali vinavyokuza miche ya mikarafuu vitenge sehemu ya miti ya malisho, kwa kuanzia shehia za maweni. Mbegu za mlusina zilowekwe katika maji ya moto na kuoteshwa Disemba, ili Machi miche iwe mikononi mwetu. Ikitufikia Juni mvua zimeshapita, tutakuwa tumepoteza mwaka mzima.

Wako mtiifu,
Mfugaji wa Micheweni