"Wala" si "nor" kila mara

Mhariri,

Msomaji mmoja ameandika katika ukurasa huu kwamba Kiingereza cha kukanusha ni rahisi: kila penye "wala" weka "nor", basi. Nia yake ni njema, na kanuni hiyo hiyo inafundishwa katika madarasa mengi nchini Uganda, kuanzia Mbale hadi Mbarara. Lakini ndiyo inayowafanya watoto wetu wapate zoezi lote sawa, kisha waandike barua zinazosema kinyume cha walichokusudia.

Shida inaanzia hapa. Kiswahili hukanusha kila kitenzi peke yake: "hakusimama wala hakumsaidia mtoto". "Haku-" ziko mbili, hapana wa kubabaika. Kiingereza huweza kuweka "not" moja tu mbele, halafu kiunganishi pamoja na umbo la kitenzi kinachofuata ndivyo vinavyoamua kama ukanushi unaendelea au unakomea hapo. Chukua mwendesha boda aliyemgonga mtoto akaenda zake. Kiingereza chake ni "The rider did not stop or help the child." Mwanafunzi wetu huandika "The rider did not stop and helped the child", kwa kuwa amezoea kwamba "and" ni "na", na jambo lilitokea jana, basi kitenzi lazima kiwe na "-ed". Sentensi hiyo inashuhudia kwamba mtoto alisaidiwa! Ikiingia kwenye maelezo ya polisi, imemtetea mkosaji.

Kwa nini? "Helped" imebeba wakati uliopita wake yenyewe, kwa hiyo haimo tena chini ya "did not". Imesimama kama kitenzi cha kukubali. "Help" tupu bado inaitegemea "did", ndiyo maana "not" inaifikia. Kwa hiyo mwalimu amwelekeze mtoto autazame kwanza mwisho wa kitenzi cha pili, kisha ndipo atazame kiunganishi. Anayetaka kubaki na "and" akanushe upya, kiima kikiwepo: "The rider did not stop and he did not help the child." Hapo Kiingereza kinafanya kama Kiswahili, na maana haina shaka. Na ukikuta "did not stop and help", ujue mwandishi anaviona vitendo viwili kama kimoja, yaani kusimama ili kusaidia.

Kwenye majina ya vitu kanuni ni ile ile. "I don't drink tea or coffee" ni sinywi chai wala kahawa. Kwa Luganda husemwa "Sinywa caayi wadde kaawa", na hiyo "wadde", kama "wala", katika mazungumzo ya kawaida hutafsiriwa kwa "or", si "nor". Wapo waandishi wanaotia "nor" mahali hapo kwa kutaka mkazo, lakini mwanafunzi ashike "or" kwanza. "I don't drink tea and coffee" humfanya msikilizaji ajiulize: hunywi hata kimoja, au huvinywi viwili kwa pamoja tu? Mfano ulio bora kuliko yote umeandikwa kando ya barabara nyingi duniani: "Don't drink and drive." Kinachokatazwa ni viwili kukutana. Ukinywa ukalala nyumbani hujavunja amri, na ukiendesha ukiwa mkavu hujavunja pia. Weka "or" badala ya "and", "Don't drink or drive", na umewakataza watu pombe na usukani, yaani magari yote yabaki kwenye stendi. Tofauti hiyo imebebwa na kineno kimoja, na darasa la saba wanaielewa mara moja wakionyeshwa.

"Or" ina kazi nyingine isiyochanganywa na hiyo. "Don't touch that wire or you'll get a shock" maana yake ni usiguse waya huo, la sivyo utapigwa na umeme. Utaitambua kwa kinachofuata: kikija kiima kipya na "will", ni onyo, na ukanushi umekwisha nyuma yake.

Sasa "nor" yenyewe. Mahali pake hasa ni mwanzoni mwa kishazi kizima, na inapofika hapo inavuta kitenzi kisaidizi mbele ya kiima, kama tunavyofanya tukiuliza swali. Tuseme tuna "The bus didn't come" na "The driver didn't call." Toa "not" katika ya pili, ibaki "The driver did call". Peleka "did" mbele ya "the driver". Tanguliza "nor", nayo ikanushe: "The bus didn't come, nor did the driver call." Kama kitenzi ni "is" au "can", hicho hicho ndicho kinachosogea: "She isn't at home, nor is she at work." Kosa linalorudi kila muhula ni "nor the driver didn't call". Lina makosa mawili: kisaidizi hakikusogea, na ukanushi umewekwa mara mbili. "Nor" tayari ina "not" tumboni.

Hata ikiwa sahihi, "nor" ya namna hii ni ya maandishi zaidi. Kwenye taksi au dukani mtu atasema "The bus didn't come and the driver didn't call either." Hiyo "either" ya mwishoni ni ya thamani kubwa kwa msemaji, nayo haifundishwi vya kutosha. Ndiyo "pia" ya sentensi za kukanusha. "Too" inakaa na sentensi ya kukubali, "either" na ya kukanusha, kwa hiyo "Me too, I don't know" tunayoisikia kila siku Kampala irekebishwe iwe "I don't know either". Ukitaka fupi, "Neither do I", au kwa marafiki "Me neither".

Mtihani wa darasa la saba unaotungwa na UNEB, baraza la mitihani la taifa, una maswali ya kuunganisha na kuandika upya sentensi jinsi ilivyoelekezwa, na "neither … nor" ni muundo unaojulikana sana humo. Mtoto hupewa "Okello didn't come. Nambi didn't come", naye hujibu "Neither Okello nor Nambi didn't come." Si uvivu. Amenakili kitenzi alichokiona. Dawa ni kufuata mpangilio: afute "not" zote mbili kabla ya kuandika chochote, "did come" aigeuze kuwa "came", ndipo aunganishe, "Neither Okello nor Nambi came." Kitenzi kama "was" au "is" hufuata jina lililo karibu nacho: "Neither the teacher nor the pupils were late", lakini "Neither the pupils nor the teacher was late." Anayeogopa kukosea atangulize umoja, wingi uje karibu na kitenzi, sikio halitakwaruzwa.

Viko viunganishi vinavyotukosesha kwa sababu ya Kiswahili chetu wenyewe, na hapa mwalimu anayejua lugha zote mbili ana silaha ambayo mwingine hana. Sisi tunasema "kabla hajafika", kwa umbo la kukanusha, na ni Kiswahili safi. Kiingereza hakikanushi baada ya "before": ni "before he came", kamwe si "before he had not come". "Unless" nayo ni "if" na "not" zilizoshonwa pamoja. "Unless you don't pay, you will not sit the exam" inamwambia mzazi kwamba mwanawe atazuiwa akilipa ada. Iandikwe "Unless you pay". Tena sisi huweza kusema "ingawa hakusoma, lakini alifaulu". Kiingereza kinataka kimoja tu, ama "although" ama "but".

Tangu mwaka 2005 Katiba ya Uganda inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Kwa hiyo walimu wa masomo haya mawili wana kila sababu ya kuketi meza moja. Mwalimu wa Kiswahili akifundisha "si … bali", wa Kiingereza afundishe wiki hiyo hiyo "not … but". Wakifika "si tu … bali pia", mtoto aonyeshwe kwamba "not only" ikikaa mwanzoni inavuta kisaidizi kama "nor": "Not only did she sing, but she also danced."

La mwisho ni "because", ambayo vitabu vingi huipita haraka mno. "I didn't leave because I was angry" ina maana mbili: sikuondoka, kwa kuwa nilikuwa na hasira, au niliondoka, ila si kwa sababu ya hasira. Katika kusema, sauti hutenganisha. Katika kuandika, mkato kabla ya "because" huelekea maana ya kwanza, lakini usiutegemee peke yake. Kwa maana ya kwanza tanguliza sababu: "Because I was angry, I didn't leave." Kwa ya pili sema wazi kwamba uliondoka: "I left, but not because I was angry." Anayeandika barua ya kujieleza kwa mwajiri ahakikishe amechagua moja kati ya hizo mbili kabla ya kutia sahihi.

Mwalimu wa lugha,
Jinja