Barua kwa wazazi wa Kaptembwo na Rhonda mnaorudi usiku

Wanangu,

Alhamisi iliyopita, saa moja na nusu usiku, mvua ya Nakuru ikipiga mabati, nilimkuta mtoto wa miaka mitano amelala kibarazani kwa duka lililofungwa. Amekumbatia begi, viatu vimejaa maji. Mtu wa boda alimshusha saa kumi na nusu akaenda kutafuta abiria. Baba alijua mama atampokea. Mama alikuwa bado Njoro, matatu haijajaa, akijua baba yuko nyumbani. Simu zote mbili zilikuwa zimezima. Nilimvua nguo mbichi nikampa uji, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Shosho, sijafanya kazi ya mwalimu."

Mama yake alifika saa tatu kasoro, akalia hadi akakaa chini. Sikumgombeza. Nawagombeza ninyi nyote, kwa kuwa huyo ni wa tatu mwaka huu.

Naijua siku yenu. Saa kumi na moja alfajiri chai iko jikoni, sare haijapigwa pasi na stima imepotea. Mtoto anavalishwa akiwa usingizini. Kutwa nzima ni kibarua, jioni mboga zinanunuliwa gizani, na ukifungua shajara mwalimu ameandika kesho mtoto aje na maboksi na gundi. Tangu mtaala wa umilisi, ule mnaouita CBC, uingie madarasani mwaka 2019, mzazi naye ni mwanafunzi. Poleni, nasema kwa moyo.

Lakini mtoto hupokezwa mkono kwa mkono. Nilipokuwa mwalimu kijana, jirani ndiye aliyenishikia mwanangu. Siku moja mkutano wa walimu ulirefuka, nikarudi usiku. Nilimkuta mama yule mlangoni, mwanangu mgongoni, na mzigo wake wa safari umefungwa kando. Gari la mwisho la kwenda kwao Molo lilikuwa limemwacha. Aliniambia, "Ningemwachia nani?" Leo mnamwachia nani? Mnaachia kibaraza! Mnaachia pikipiki yenye watoto wanne, mdogo kabisa kaketi juu ya tangi akisinzia, na sheria inaruhusu abiria mmoja tu. Mnaona kila asubuhi, mnalipa, mnapunga mkono.

Na ninyi akina baba, "nilidhani mama yuko" si jibu. Kila asubuhi kabla mlango haujafungwa, mmoja wenu aseme kwa sauti: leo napokea mimi. Akikwama, apige simu mchana, asingoje giza.

Mjue jina la mtu wa boda na anakolala. Msichana wa kazi alipwe mwisho wa mwezi, si mnapokumbuka. Mtoto afundishwe namba ya simu kwa kichwa.

Waajiri nao wanisikie. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu na baba majuma mawili, kwa mshahara kamili. Baada ya hapo, mnajifanya mtoto amekwisha kukua. Sheria ya Afya ya 2017 inataka kazini pawe na chumba cha kunyonyeshea, ilhali nawajua wasichana wanaokamua maziwa chooni na kuyamwaga. Mfanyakazi anaambiwa saa kumi na moja kwamba leo atatoka saa mbili, na hakuna anayemuuliza nani yuko nyumbani. Mnaajiri mikono tu, kana kwamba haikuwahi kubeba mtoto?

Mimi niko hapa. Siku za shule nitapokea watoto hadi saa mbili usiku, uji upo, na kazi ya mwalimu tutaifanya mezani. Sitaki pesa. Ila uje kwanza wewe mwenyewe na mtoto wako, tukae jioni moja, anijue uso. Mama wa yule mtoto alikuja Jumapili, na baba yake akaja nyuma yake amebeba begi.