Miwani ya uhalisia pepe ifike shule za kata

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu jometri katika shule zetu za kata hapa Mbeya, na jinsi miwani ya uhalisia pepe, yaani miwani yenye skrini inayomfanya mvaaji aone kama yumo ndani ya picha, inavyoweza kutusaidia.

Walimu wenzangu wa hisabati wa kidato cha nne wanaijua kazi ya kufundisha maumbo yenye upana, urefu na kimo. Unachora boksi ubaoni: upana 3, urefu 4, kimo 12. Unauliza, kamba iliyovutwa kutoka kona ya chini hadi kona ya juu ya upande wa pili ina urefu gani? Ulalo wa sakafu, yaani mstari wa kona hadi kona, ni 5, wanaupata. Wanakwama baada ya hapo. Pembe kati ya ulalo ule na nguzo ya kona ni nyuzi 90, lakini ubaoni imebinuka, haifanani kabisa na pembemraba. Mtoto anaamini macho yake. Jibu ni 13, na wengi hulikariri bila kuiona pembetatu iliyosimama mle ndani.

Miwani ya uhalisia pepe humwingiza mtoto ndani ya boksi lile. Anageuza shingo, anaikagua kona, pembemraba anaiona ilivyo.

Wapo wanaosema uwezo wa kuyazungusha maumbo kichwani mtu huzaliwa nao. Si kweli. Mwaka 2013 mwanasaikolojia David Uttal wa Marekani na wenzake walichambua tafiti 217 wakakuta kwamba mazoezi huukuza. Huko huko, mhadhiri wa uhandisi Sheryl Sorby alianza mwaka 1993 kuwafundisha wanafunzi wa uhandisi waliokuwa dhaifu katika jambo hili, nao wakainuka. Walichora kwa mkono na kushika vipande vya michemraba, kwa hiyo manila na mkasi tusiviache.

Ombi langu ni kwa halmashauri zetu: nunueni miwani michache, ikae kituo cha walimu, shule zipokezane. Masomo yapakuliwe kabla, maana vijijini mtandao ni wa kubahatisha. Mtoto aivae dakika chache tu akiwa amekaa, kwani wengine hupata kizunguzungu. Na kabla ya yote walimu wafundishwe kuitumia, kwa vitendo, wakiwa na mada zao mkononi. Bila hivyo itafungiwa kabatini ofisini kwa mkuu wa shule, itolewe siku ya wageni.

Mwalimu wa Hisabati,
Uyole, Mbeya