Taarifa ya mwenyekiti kwa mwaka huu, na zile picha za Sydenham

Ndugu wanachama, shikamooni wakubwa, wadogo zangu mambo vipi. Mitingi mwaka huu zilikuwa chache ila safari ya Sydenham hapa London ndo ilotukutanisha wengi, kwahiyo naanza nayo.

Kwa ambao hamkuja, lile jumba la vioo la maonyesho ya dunia ya 1851 pale Hyde Park lilifumuliwa likajengwa upya Sydenham, likafunguliwa 1854, na ndani wakatengeneza kopi za majengo ya kale ya Misri, Ninawi, na lile kasri la Alhambra la Hispania. Philip Henry Delamotte ndo alipewa kazi ya kupiga picha ujenzi wote. Na enzi hizo filamu hakuna jamani, unapaka dawa kwenye kioo, unakitia kwenye kamera kikiwa bado kibichi, unapiga, unakimbilia gizani ukakisafishe kabla hakijakauka, ukichelewa ndo basi.

Ilonishika ni ile picha yake ya mafarao wawili, sanamu za kopi za hekalu la Abu Simbel la Misri, wamekaa, mikono mapajani, na juu ya vichwa vyao unaona kabisa vyuma na vioo vya paa. Mwenzetu mmoja akauliza ya nini kuhangaika na picha ya kopi wakati hekalu lenyewe lipo Misri mpaka leo. Mi sikubaliani naye. Desemba 1866 moto ulikula upande ule, mafarao wakaondoka nao, 1936 jumba zima likateketea, kwahiyo wale tunao kwenye picha tu. Halafu zile sanamu zilipakwa rangi za kuwaka, ila dawa ya kile kioo bluu inaitoa nyeupe na nyekundu inaitoa kama nyeusi, yani hata ukodoe macho vipi rangi huipati.

Ndo mana iliniuma sana studio moja ilipotuskania albamu ya mama mmoja wa chama, upande wa mbele tu, wakati nyuma marehemu mumewe alikuwa ameandika "gauni la kijani, Tanga". Tumeirudia wenyewe, nyuma na mbele. Kuanzia sasa kila picha ya zamani inayoletwa tunamuuliza mwenyewe rangi za nguo, za kuta, za milango, tunaandika hapohapo.

Ada wengi mmelipa, asanteni sana, waliobaki muoneni mweka hazina kabla ya mkutano. Na wazee wenye albamu njooni nazo.